Wamemtaja?

Kila alasiri, tangu Desemba 1978 hadi katikati ya mwaka uliofuata, Bibi mzaa mama alinikalisha kwenye mkeka barazani, akanipa gazeti la Uhuru, na kabla sijalikunjua akaniuliza swali lile lile: "Wamemtaja?"

Nilikuwa darasa la tano, Ngamiani, Tanga. Bibi alisoma Kurani, na barua za jamaa zake wa Pangani alizisoma kwa herufi za Kiarabu bila kusita, lakini herufi za gazeti hakuzijua. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Aliyekuwa akimtafuta humo ni Mjomba, kitinda mimba wake, mkata mkonge aliyeitwa na mgambo mwezi Novemba, akapewa mafunzo ya wiki chache, akapelekwa Mwanza kwa treni na Bukoba kwa meli. Alituandikia barua moja. Ilisema hajambo, chakula kipo, baridi ni kali, tumwombee dua. Baada ya hapo, kimya.

Nililisoma gazeti lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti ile ya kusomea darasani. Bibi hakutaka nichague. Aliamini jina la mtu linaweza kuwa limejibanza popote, hata chini ya habari za pamba au za mpira wa miguu. Nikifika mwisho alinyanyuka, akalikunja gazeti mara nne, akaliweka ndani ya sanduku lake la mbao pamoja na kanga zake za heshima. Gazeti jingine lolote nyumbani kwetu lilifungia vitumbua. Hayo hayakuguswa.

Wanaokumbuka wakati ule wanajua ulivyokuwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto ni yake. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu akasema redioni kwamba nia ya kumpiga tunayo, sababu tunayo na uwezo tunao, na maneno yale matatu yakawa wimbo wa watoto shuleni. Magazeti yaliyofika mtaani kwetu yalikuwa Uhuru na Mzalendo ya chama, na kwa waliojua Kiingereza, Daily News na Sunday News ya serikali. Amin hakuitwa rais humo. Aliitwa nduli. Askari wetu waliitwa vijana wetu, wapiganaji wetu, mashujaa wetu. Nilikuwa nikisoma "vijana wetu", Bibi ananikatiza: "Vijana gani? Wana nani?"

Sikuwa na jibu. Nilijua majina ya miji tu. Nyuma ya daftari la jiografia nilichora ramani yangu, na kila mji ulipoanguka niliupaka wino mwekundu: Mutukula mwezi Januari, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Lukaya mwezi Machi, Entebbe, kisha Kampala tarehe 11 Aprili. Nilipomwonyesha Bibi, aliitazama ramani kwa muda mrefu, akaweka kidole katikati ya wino. "Na mjomba wako yuko wapi hapa?"

Siku hizi nafahamu jambo ambalo mtoto wa darasa la tano hakuweza kulifahamu. Msimamo ambao serikali ilikuwa ikiueleza ulimwengu ni kwamba vita ni viwili: kimoja cha Tanzania kumwadhibu mvamizi, kingine cha Waganda wenyewe waliokuwa uhamishoni kumwondoa dikteta wao. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa haikuwezekana kuandika waziwazi kwamba ni kijana wa Korogwe au wa Newala anayetembea kwa miguu kuelekea Kampala. Ukimtaja kwa jina, umeeleza yuko wapi; ukieleza yuko wapi, umemkanusha waziri. Tena kulikuwa na sababu nyingine ya wazi kabisa: adui naye anasoma magazeti. Ukiandika jina la mtu na kikosi chake umemwambia Amin nani yuko mbele yake. Siwalaumu wahariri wa miezi ile. Nimejaribu kujiweka kwenye viti vyao, na nadhani nami ningeyaacha majina nje.

Lakini mwishoni mwa Machi ndege ya Libya ilikuja kulipua matangi ya mafuta Mwanza, ikayakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Habari hiyo ilifika mpaka Tanga. Bibi alisikiliza, akasema kwa sauti ndogo, bila hasira: "Swala wametajwa."

Ilinichukua miaka mingi kujua kwa nini swali lile lilimkaa moyoni namna ile. Nilidhani ni hofu ya mama kwa mwanawe tu. Kumbe alikuwa ameshawahi kuuliza swali hilo hilo, au tuseme mama yake aliuliza, yeye akiwa ameshikwa mkono.

Baba yake Bibi alichukuliwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwanza walimchukua Wadachi, yaani Wajerumani, abebe masanduku ya risasi kutoka reli ya Usambara kwenda bara. Waingereza walipouteka mji wa Tanga mwezi Julai mwaka ule, walimkuta njiani na wenzake, wakawabebesha mizigo mingine kwenda kusini. Mzee mmoja aliyerudi ndiye aliyeleta habari hizo. Alimwona mara ya mwisho karibu na Mto Rufiji, miguu imevimba. Vita vilipokwisha mama yake Bibi alikwenda bomani kuulizia mshahara wa mumewe. Karani alimwuliza namba ya mpagazi. "Mama alikuwa na jina tu," Bibi aliniambia. "Namba hakupewa. Wakamwambia arudi siku nyingine." Alirudi siku nyingi.

Kwa ajili ya hadithi hiyo nilianza kusoma magazeti ya kale nilipokuwa mtu mzima, kila nilipopata ruhusa ya kuingia kwenye maktaba yenye hazina hiyo. Nilitaka kujua kama kuna mahali popote, katika lugha yoyote, walipomwandika.

Mji wetu wa Tanga ulikuwa mji wa magazeti. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa, kwenye shule ya serikali ya Wadachi, tangu miaka ya mwanzo ya karne ile hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Waliolisoma ni walimu, makarani, maakida na vijana waliotoka shule ile. Ndani yake kulikuwa na habari zilizoletwa na waandishi wa wilayani, Waswahili wenzetu, na mashairi kwa wingi: nani amehamishwa, nani ameoa, simba ameua wapi, mvua imekuwaje. Ukitaka kujua Waswahili wa pwani walivyoandikiana kabla ya redio, soma humo. Wamisheni nao walikuwa na yao, Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki, yote mawili tangu mwaka 1910. Walowezi walikuwa na Usambara-Post hapa Tanga na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung kule Dar es Salaam, kwa Kijerumani. Lakini Kiongozi lilikuwa gazeti la serikali, na vita liliviona kwa jicho la serikali. Mwandishi wa Muheza aliyeweza kuandika kwamba fulani bin fulani amefiwa na mkewe hakuwa na ruhusa ya kuhesabu wapagazi waliokufa njiani.

Vita vyenyewe viliingia mlangoni petu. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Fox ilitia nanga bandarini, na usiku ule askari wakaanza kushuka Ras Kasone. Walikuwa kama 8,000, wengi wao Wahindi waliotoka baharini wamechoka na kutapika. Upande wa Wadachi, chini ya von Lettow-Vorbeck, walifika kama 1,000, wengi wao askari Waafrika walioletwa kwa treni kutoka Moshi. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, kwenye mashamba na mitaani. Nyuki waliotimuliwa na risasi waliwauma watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha bunduki, risasi na wafu wao ufukweni.

Wazee wetu waliokuwa wamekimbilia mashambani walirudi wakaona kila kitu kwa macho. Tanga nzima ilijua nani kashinda kabla jua halijazama. London haikujua. Habari za Tanga zilizuiwa, na wananchi wa Uingereza walikaa miezi bila kuambiwa kwamba jeshi lao limeshindwa. Zilipokuja kutoka, nyuki walipewa nafasi kubwa, hata ikasemwa kwamba Wadachi waliwatega makusudi. Mwenzangu msomaji, hebu fikiri: mwanamke aliyekuwa akiuza samaki hapa Tanga alijua habari za vita ile kuliko mbunge wa London, kwa kuwa yeye hakutegemea gazeti.

Kilichonishika zaidi ni hesabu ya waliokufa. Upande wa ushindi walikufa Wadachi 16 na askari Waafrika 55. Miongoni mwa wale 16 alikuwemo Kapteni Tom von Prince, ambaye watu wetu walimwita Bwana Sakarani. Jina lake nimelikuta kila mahali, pamoja na cheo, ukoo na sifa zake. Wale 55 nimewakuta kwenye hesabu. Walipigana mtaa mmoja na saa moja na Bwana Sakarani, na kwa hakika kila mmoja alikuwa na mama aliyemzalia Tabora, Songea, Bukoba au Sudan. Upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyo hiyo, ofisa kwa jina na wengine kwa idadi.

Mwaka 1917, tarehe 4 Januari, Frederick Selous aliuawa kwa risasi Beho Beho, karibu na Rufiji. Alikuwa mwindaji mashuhuri, na alipokufa akiwa na umri wa miaka 65 magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari zake. Mwaka 1922 pori lote lile likapewa jina lake, na Pori la Akiba la Selous likadumu kwenye ramani zetu, hadi mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Simwonei Selous choyo. Alikufa vitani, Mungu anajua zaidi. Ila babu yangu mkuu alionekana mara ya mwisho kwenye pori lile lile, na miezi ile ile.

Yuko Mwafrika mmoja aliyejaribu kuwalazimisha wenye magazeti wamwone askari mweusi. Mwezi ule ule wa Novemba 1914, kusini yetu, Nyasaland, Malawi ya leo, Mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times la Blantyre. Septemba vita vilikuwa vimefika Karonga, na vijana wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walikuwa wameshamwaga damu. Chilembwe aliuliza kwa nini maskini wa Kiafrika, asiye na mali katika dunia hii, aalikwe kufa kwa jambo lisilo lake. Waende wenye benki, alisema, wenye vyeo, wenye maduka na wenye mashamba, wakapigwe risasi wao. Toleo lile lilizuiwa na serikali. Januari 1915 Chilembwe aliinua watu wake, na tarehe 3 Februari akauawa. Nimeisoma barua ile mara nyingi. Kila ninapoisoma naona kwamba kabla ya kuchukua silaha mtu yule alikwenda kwanza kwa mhariri.

Kuhusu wapagazi kuna mambo ninayotaka kuyasema taratibu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka nchi hizi zetu na jirani zake. Wanaokadiriwa kufa wanafika 100,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, mvua na unga usioiva. Kule Nairobi aliyewasimamia, Oscar Watkins, alikuwa Mzungu aliyejua Kiswahili, na alipigania mishahara ya waliokufa ilipwe. Nyingi haikulipwa. Jamaa hawakupatikana, ilisemwa, kwa sababu majina hayakuandikwa vizuri. Hapo ndipo namwona mama yake Bibi amesimama mbele ya karani na jina lake mkononi. Baada ya vita ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni kule London aliandika kwamba mambo ya Afrika Mashariki yaliponea chupuchupu kuwa kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi ni wapagazi, na nani basi anayewajali wapagazi.

Walichoachiwa ni jina la jumla. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, sisi tukasema Kariakoo, na mahali kambi yao ilipokuwa Dar es Salaam pakawa soko. Nairobi nao wana yao, Kariokor. Tena iko Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927, yenye maandishi yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimeizunguka sanamu ile pande zote nne.

Mjomba alirudi mwezi Agosti 1979. Alikuja na begi moja, kikohozi, na tabia ya kukaa akiwa ameegemea ukuta ili asiwe na mtu nyuma yake. Bibi hakulia mbele yetu. Alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akasubiri amalize kula, kisha akafungua sanduku na kumtolea magazeti yote, miezi zaidi ya sita, yamekunjwa mara nne nne. "Nilikuwa nakutafuta humu," alimwambia.

Mjomba aliyasoma kwa siku tatu, tangu asubuhi. Mara moja tu aliniita. "Shika hii. Lukaya iko wapi hapa?" Nikamtafutia la katikati ya Machi. Alisoma pale paliposemwa adui amepigwa na vijana wetu wanasonga mbele, akarudia, akalikunja. "Ni kweli tulishinda," alisema. "Ila hawakuuandika usiku."

Usiku wenyewe nilikuja kuusikia vipande vipande kwa miaka thelathini. Machi 10 kikosi chao, chenye mgambo wengi ambao hawakuwa wamewahi kupigana, kilikutana na Walibya na askari wa Amin kwenye barabara inayopita katika kinamasi. Maroketi ya Walibya yalipita juu ya vichwa vyao, hayakuwapata, lakini mlio wake uliwatosha watu waliokuwa wakikata mkonge miezi minne kabla. Walitawanyika. Mjomba alikaa majini hadi kifuani gizani, akisikia watu wakiitana kwa majina kutoka matete hadi matete, wengine wakiitikia na wengine hawaitikii. Kikosi kingine kilizunguka mbali usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 11 kikawapiga Walibya kutokea nyuma. Ndiyo habari iliyofika barazani kwetu: alfajiri.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Aprili Kampala ilikuwa imeanguka, mapema Juni mapigano yalikuwa yamekwisha, na hakukuwa tena na siri ya kumficha Amin, aliyekwisha kimbia. Nafasi ya kuuliza ilikuwepo. Mwandishi angeweza kupanda basi kwenda Korogwe, Masasi au Tarime, akakaa barazani na mama mmoja, akaandika jina la mwanawe na shamba alilokuwa akilima. Lakini sherehe zikapita, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, sabuni na sukari zikawa habari kubwa, na vijana wetu wakabaki vijana wetu. Mjomba alirudi kwenye mkonge.

Mwaka mmoja, tayari ni mzee, alikwenda Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa na mnara wenye majina yao. Aliporudi hakusimulia mnara ulivyo. Alisema alisimama pale tangu asubuhi akisoma kwa kidole, kama mimi nilivyokuwa nikisoma darasa la tano, na kwamba amewakuta watu wake wanne. Mmoja jina la babake limekosewa. Alimtafuta mtu wa zamu, akamweleza.

Bibi alishafariki. Magazeti yake ninayo mimi, bado yamekunjwa alivyoyakunja. Na mwaka jana nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikaanza kwenda kwa Mjomba kila Ijumaa baada ya sala. Yeye anataja, mimi naandika: jina, jina la baba, alikotoka, alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuitwa, mara ya mwisho alionekana wapi. Hatuandiki waliokufa peke yao. Tunaandika kila anayemkumbuka. Yupo mpishi wa shule, mvuvi wa Mafia, kijana aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Tumefika ukurasa wa 31.

Kuna mmoja aliyetusumbua, dereva wa lori, mtu wa Songea, aliyekuwa akigawa sigara yake nusu kwa nusu. Mjomba analikumbuka jina lake la kwanza, meno yake, wimbo aliokuwa akiuimba akibadilisha gia. Jina la baba halikuja. Wiki tano nimeacha mstari ule wazi, na kila Ijumaa ananiuliza kama nimeuacha kweli, nisije nikaandika kitu kingine juu yake.

Jana usiku saa nne simu iliita. Ni yeye, na hakungoja nimwamkie.

"Nimelipata," alisema. "Una kalamu?"